Miezi Mitano Mikononi mwa Dalali

Mtaa wa Majengo,
Mpanda, Katavi.
15 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Tereza,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwetu kwenye vumbi. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limepata nafuu tangu ulipoanza dawa ulizonitajia mwezi wa nne. Shemeji naye anaendeleaje, kifua bado kinambana asubuhi? Na korosho za mwaka huu zinatia moyo huko Mtwara? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimepungua. Ukiniona utaniuliza naumwa nini, ndiyo maana nakutangulizia habari.

Najua umenipigia simu mara nyingi usinipate, na labda umeshanikasirikia. Nakuomba radhi. Simu nimeizima tangu mwezi wa saba, na sababu utaiona humu humu. Barua anakuletea Mariana, binti wa jirani yangu, ambaye anarudi chuo cha ualimu huko kwenu. Akifika mpe hata chai, ni binti mwenye adabu.

Nianze na Mama. Macho yake yanazidi kufifia. Nilipokwenda kwake Karema mwezi wa kwanza alikuwa anakwenda jikoni kwa kupapasa ukuta, na mkono mmoja ulikuwa na bandeji kwa sababu alijimwagia uji wa moto. Mama Leonidas, jirani yake, anamsaidia kuteka maji, lakini naye ana wajukuu wake. Nilimsihi Mama tuje wote Mpanda. Akasema hawezi kuliacha ziwa, wala hawezi kumwacha Baba kaburini peke yake. Unamjua alivyo, akishasema amesema.

Hapo ndipo nilipoamua kuuza nyumba. Tangu Gelasius afariki ni miaka miwili sasa, na ndani humu nazunguka na cherehani yangu tu. Nikaona niuze, nimwezekee Mama upya, niongeze chumba kimoja, nikae naye mpaka Mungu atakapoamua. Wilbert nilimpigia Dar, akasema, Mama, uza, nyumba ni yako. Mahakama ilishanipa usimamizi wa mirathi na hati ilishaandikwa jina langu. Niliona hakuna kinachonizuia. Kumbe.

Dalali nilimpata kwenye jumuiya. Anaitwa Shukuru, kijana wa miaka kama thelathini na tano, anaimba sauti ya tatu kwaya ya pili. Shati limenyooshwa, simu mbili mkononi, na kila neno analianza na "mama yangu". Alikuja wiki moja baada ya Pasaka, akaipita nyumba chumba kwa chumba, akaisifu mpaka nikaona haya. Kisha akatoa karatasi, akaniwekea juu ya meza ya cherehani, akaniambia ni ya kawaida tu, kila mteja wake anasaini. Dada, mimi nimesoma. Nimekaa na mwalimu miaka thelathini na moja. Lakini siku ile niliona aibu kuisoma karatasi mbele ya macho yake kama simwamini mtu tunayesali naye. Nikasaini.

Akaomba pia ufunguo mmoja, ili akileta wateja wakati niko sokoni asinisumbue. Akaomba hati, ati aende kuihakiki ofisi ya ardhi kabla mnunuzi hajauliza. Nilimwambia ninayo nakala. Akasema wale hawataki nakala. Nikampa hati yenyewe. Ukitaka kunigombeza, nigombeze hapo, nimeshajigombeza mwenyewe vya kutosha.

Kesho yake nilirudi kutoka sokoni nikakuta ukuta wa mbele, ule Gelasius alioupaka chokaa kwa mikono yake, umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII INAUZWA, herufi kubwa kuliko za duka la dawa. Rangi imechuruzika mpaka kwenye maua yangu.

Halafu wakaanza kuja watu. Walikuja nikiwa nakula, wakaja Jumapili nikiwa navaa kwenda misa. Siku moja nilikuwa naoga, nikasikia sauti za wanaume chumbani kwangu, mmoja anasema kabati likitoka kitanda cha sita kwa sita kitaingia. Nilikaa bafuni na kanga imelowa mpaka walipoondoka, dada, mimi na umri wangu huu, nimejibanza kwangu kama mwizi. Nilipomwambia Shukuru walau apige hodi, alicheka, akasema wateja ni kama kuku, ukiwazuia mlangoni wanakwenda kwa jirani.

Siku nyingine nilitoka msibani Ilembo nikakuta amewaketisha watu wanne mezani kwangu, wanakula samaki wangu, migebuka aliyonitumia Mama. Aliniambia alikuwa anawaonjesha maisha ya nyumba hii.

Kwenye simu alitangaza vyumba vitano na maji ya bomba usiku na mchana. Wewe unaijua, vyumba ni vitatu na kisima tunachota kwa kamba. Namba aliyoweka chini ya tangazo ni yangu. Wakaanza kunipigia tangu alfajiri. Watu walisafiri kutoka Inyonga, mmoja kutoka Sumbawanga, wakafika, wakahesabu vyumba, wakaniambia mbele ya majirani kwamba mama mzima nadanganya watu. Mlevi mmoja aliniuliza kama nyumba inauzwa pamoja na mjane. Siku hiyo ndiyo niliyozima simu.

Mama nilimwahidi kwamba Pentekoste itanikuta Karema. Ikapita. Nikamwambia Sabasaba. Ikapita. Nikamwambia sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi wa nane, na nikaapa. Utasema ningeifunga nyumba nikaenda, lakini ningewezaje, ufunguo anao, hati anayo? Nilikuwa naogopa kwamba nikirudi nitakuta watu wengine wameanika nguo zao kwenye kamba yangu. Kwa hiyo nilikaa. Kazi yangu ikawa kuilinda nyumba niliyotaka kuiacha.

Sasa nikueleze lililoniumiza kuliko yote.

Mwezi wa tano mwishoni walikuja mtu na mke wake, wafugaji wa Kisukuma kutoka huko Majimoto. Mume anaitwa Manyanda, mke Kashinje. Walikuwa wameuza ng'ombe ili wapate nyumba mjini, watoto wao wasome. Hawa walipiga hodi. Kashinje alivua viatu mlangoni, akapitisha kiganja ukutani taratibu, akauliza kisima kinakauka mwezi gani. Nilimpenda. Manyanda alitaja bei ambayo sikuwa na haja ya kuijadili, akasema atarudi baada ya siku tatu. Nilianza hata kufunga vyombo kwenye maboksi.

Hawakurudi. Shukuru aliniambia Wasukuma wale walikuwa wanapima upepo tu. Wiki iliyofuata akaniletea mtu mwingine, jamaa yake mwenye gari jeupe, akatoa nusu ya bei. Nikakataa. Akarudi tena na robo tatu ya ile nusu. Shukuru akawa ananishauri kwa upole kwamba soko limeshuka, mama yangu, chukua hiki kabla hakijaondoka.

Mwezi wa nane nilikutana na Kashinje hospitali, amempeleka mtoto kupima malaria. Alinishika mikono yote miwili, akanipa pole kwa sauti ya chini. Nikamuuliza pole ya nini. Akanivuta pembeni, ndipo akaniambia. Shukuru aliwaambia nyumba ile haina amani. Aliwaambia mwalimu aliyefia chumba cha mbele hajatulia, kwamba mjane wake hapati usingizi, ndiyo maana anakimbia, na kwamba wapangaji wawili walishahama. Wapangaji gani, dada? Sijawahi kuwa na mpangaji maishani mwangu. Kumbe kila mteja mwenye bei ya maana alikuwa anaambiwa hivyo, ili nyumba iniozee mikononi mpaka nimwachie yule wa gari jeupe.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Na hapa nakwambia wewe tu, hata Wilbert sijamwambia. Nilianza kuogopa. Gelasius alikufa kitandani kwetu, presha, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, na kwa miaka miwili nililala kitanda kile bila hofu yoyote. Nilikuwa naongea naye hata wakati wa kukunja nguo. Baada ya maneno yale nikawa nasikia bati likilia kwa joto, nastuka. Nikahamia kulala kwenye kochi sebuleni. Chumba nikakifunga. Shukuru alikuwa ameuza uongo wake kwa watu wengi, na mimi mwenyewe nikaununua.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alimwita Shukuru mara mbili, mara zote mbili akajibu kwenye simu kwamba yuko shamba, Misunkumilo. Nikaenda kwa Aneth, yule binti anayesaidia wanawake mambo ya kisheria, amepanga chumba kimoja karibu na soko. Aliisoma ile karatasi yangu polepole, akavua miwani. Akanieleza kwamba nimekubali kwa miezi sita nisiuze kwa kupitia mtu mwingine yeyote, hata mimi mwenyewe nisiuze. Nikahisi kama mtu amenifungia mlango kwa nje. Lakini akaniambia jambo moja tena: karatasi haisemi popote kwamba hati yangu akae nayo. Akamwandikia Shukuru barua ya kuidai. Hakujibu. Njia ya baraza la ardhi ilikuwepo, lakini foleni yake ni ndefu, na Kupalizwa ilikuwa imeshapita.

Jumapili moja jioni mama Leonidas alinipigia kwa simu ya Mariana, maana namba hiyo nilishampa. Nilimuuliza Mama anasemaje kuhusu mimi. Akasema, siku hizi hakuulizi tena.

Dada, nililia mpaka Mariana akatoka nje kunipisha. Angekuwa ananilaumu ningevumilia. Kuacha kuuliza ni kitu kingine.

Asubuhi yake, Jumatatu ya tarehe mbili mwezi huu, nikakodi guta. Nikapakia cherehani, kigoda na furushi la sare za shule nilizokuwa nazishona. Shukuru hana ofisi. Anakaa kwenye benchi mbele ya duka moja la stationari, na watu wanadhani ni yake. Nikamuomba mwenye stationari ruhusa nikae kibarazani pale nishone. Ni mwanamke wa makamo, hanijui. Aliniangalia, akaangalia benchi, akasema, kaa tu mama, kivuli hakina bili. Nikaiweka cherehani hatua mbili kutoka benchi la Shukuru, nikaanza kushona.

Alipokuja alicheka. Akaninunulia soda, akaniuliza kama nimehamia mjini. Nikamshukuru kwa soda, nikaendelea kushona kola ya sare. Siku nzima hakuja mtu wa nyumba wala wa kiwanja. Jioni nikapakia vitu, nikarudi kulala kwenye kochi.

Siku ya pili walikuja kijana na mchumba wake, wanatafuta kiwanja. Shukuru alikuwa katikati ya maelezo yake. Sikupandisha sauti. Nilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, nikawaambia:

"Wanangu, mimi siwazuii. Muulizeni tu hati yangu iko wapi, mjue na yenu itakaa wapi."

Yule binti akamuuliza. Shukuru akasema huyu mama ana msongo wa mawazo tangu afiwe. Binti akauliza tena, hati iko wapi. Wakaondoka. Baadaye wakaja wengine wawili, nikawaambia maneno yale yale, wala sikuongeza hata moja. Kufika saa kumi wauza mboga wa upande wa pili walikuwa wameshajua habari yote, na kila anayekaribia benchi wanamwelekeza kwanza kwenye cherehani. Shukuru aliniambia kwa meno yaliyobana kwamba atanishitaki kwa kuvunja mkataba. Nikamwambia mkataba unakataza kuuza nyumba, haukatazi kushona.

Usidhani nilikuwa jasiri. Mshono ulinipinda siku nzima, sare tatu nilizifumua zote usiku huo.

Siku ya tatu hakuja asubuhi. Nikafikiri ameihama hata benchi, na hati yangu imekwenda naye. Nilishona huku moyo umekauka kabisa. Saa nane akatokea na bahasha ya kaki. Hakukaa. Nikaifungua mbele yake. Hati ilikuwa imekunjwa mara nne kama karatasi ya kufungia maandazi, na doa la chai pembeni, lakini ni yenyewe, na jina ni langu.

"Umeniharibia jina mji mzima, mama yangu," akasema.

"Jina lako sijalitaja hata mara moja, Shukuru. Nimetaja hati yangu."

Nikamwambia bado ufunguo, na bado sahihi. Aneth alikuwa ameshaniandikia mistari miwili ya kuvunja makubaliano, nilikuwa nayo chini ya kitambaa tangu Jumatatu. Tukatembea wote mpaka kwa mwenyekiti, akasaini, muhuri ukagongwa. Ufunguo akautoa kwenye kundi la funguo nyingi, nikajiuliza kila mmoja ni mlango wa nani. Njiani nilinunua kitasa kipya, maana ufunguo unaweza kuchongeshwa. Ukuta nimeupaka chokaa mara mbili. Wekundu bado unaonekana kwa mbali jua likipiga.

Utauliza kama nimeshauza. Bado, dada. Maneno ya mtu hayarudishwi kwa muhuri. Wapo watu hapa Majengo bado wanavuka upande wa pili wa barabara wakifika kwangu, na juzi mnunuzi mmoja alifika mlangoni akageuka. Manyanda naye alishanunua kiwanja Ilembo, ameanza msingi.

Ila Kashinje alikuja Jumamosi iliyopita, peke yake. Alisikia habari za cherehani mpaka huko kwao. Ameniomba apange vyumba viwili, akae na watoto wake mpaka nyumba yao iishe, shule iko karibu. Nikamwambia wazi, wewe ndiye uliyeambiwa maneno yale, hutaogopa? Akanijibu:

"Mama Wilbert, mimi nimelala porini na ng'ombe, simba wananguruma mpaka asubuhi. Mwalimu aliyefundisha watoto wa watu atanifanya nini?"

Nikachukua ufunguo, nikafungua chumba cha mbele mbele yake. Hewa ilikuwa nzito kwa kufungwa. Akafungua dirisha, akakung'uta godoro, akauliza wapi aweke mbuzi wake. Tukacheka, na mimi sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini. Tangu siku hiyo nimerudi kulala kitandani kwangu. Siku ya kwanza nilimwomba Gelasius msamaha.

Kodi yake haitajenga chumba Karema. Itanunua bati chache, tutaanza na upande wa jikoni unaovuja. Nyumba itauzwa siku yake, au haitauzwa. Nimechoka kuisubiri.

Alhamisi, tarehe ishirini na sita mwezi huu, napanda basi la Karema. Nakwenda na cherehani, nguo zangu, na picha ya Gelasius.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze sigara, nimeambiwa anajificha. Wasalimie Oswaldi na mkewe, na mjukuu wenu mpya ambaye bado sijamwona. Wilbert anawasalimu, naye Mariana atakupa mengine kwa mdomo. Mungu awafunike nyie wote, awape usingizi wa amani ndani ya kuta zenu wenyewe.

Nina ombi moja. Ukiongea na Mama Jumapili kwa simu ya mama Leonidas, usimwambie kwamba nakuja. Nimeshamwahidi mara tatu. Safari hii sitaki aahidiwe kitu. Nataka asikie hodi, aulize ni nani, na mimi niwe nimeshafika.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Edina